Habari za kutisha kuhusu watoto wanaosomea nyumbani: nishike ipi, niache ipi?

Swali: "Mwalimu, habari. Mimi na mume wangu tunasomesha watoto wetu wawili nyumbani, huu mwaka wa tatu. Juzi shemeji kanitumia skrinshoti imeandikwa Marekani asilimia 36 ya watoto wa homskuli wanatoka kwenye familia zenye ripoti za ukatili, na chini yake eti Ufaransa na Ujerumani wameshapiga marufuku. Nikaiweka kwenye grupu letu la wazazi, wakaniambia niipuuze, midia inatuchukia tu, na utafiti umeshathibitisha watoto wetu wanafanya vizuri kuliko wa shule. Sasa mi niamini nani? Mama wawili."

Nzuri dada. Nianze na hiyo namba maana naona ndo imekukaa kichwani. Haijatungwa. Asilimia 36 ipo kweli, ipo kwenye ripoti ya ofisi ya serikali, na huyo wa kwenye grupu aliyekwambia uipuuze sidhani hata kama aliitafuta. Ila ilivyokufikia wewe imeshapunguzwa vitu vya maana hadi imebadilika kuwa habari nyingine kabisa.

Ilitoka hivi. Jimbo la Connecticut lina ofisi ya mtetezi wa watoto, kazi yake kuangalia idara nyingine za serikali zinawatendeaje watoto. Mwaka 2017 kijana mmoja wa Hartford akafa kwa mateso nyumbani kwao, na dada yake alikuwa ameshatolewa shule kwa maelezo kwamba atasomea nyumbani. Mwaka uliofuata ile ofisi ikachukua wilaya za shule 6, ikafuatilia watoto 380 waliotolewa shule kati ya 2013 na 2016 wakasomee nyumbani, ikakuta asilimia 36 yao, yaani karibu watoto 140, wako kwenye familia iliyowahi kuwa na angalau ripoti moja ya kushukiwa kutesa au kutelekeza mtoto, ripoti ambayo idara husika iliipokea.

Sasa soma tena ile skrinshoti. Wilaya 6 za jimbo moja zimegeuka kuwa Marekani nzima. "Kushukiwa" imepotea, na hapo ndo penye uzito, maana ripoti kupokelewa inamaanisha kuna mtu alipiga simu na ofisi ikaona inafaa kufuatiliwa, haimaanishi ilikutwa ni kweli. Halafu kuna jambo la tatu ambalo hata waandishi wazuri walilipita: hao 380 ni watoto waliokuwa shule wakatolewa. Mtoto ambaye wazazi walianza naye nyumbani tangu darasa la kwanza hayumo kwenye hiyo hesabu. Na watu wanaotoa mtoto shule katikati wana sababu za kila aina, wengine mtoto anaonewa na wenzake, wengine wamegombana na mwalimu, na wachache ndio wanakimbia kuulizwa maswali, kwa hiyo huwezi kuwachukua hao ukasema ndo picha ya homskuli yote.

Swali ambalo linafaa kuulizwa kwenye kila asilimia ya kutisha ni moja tu, ikilinganishwa na nani? 36 ni kubwa au ndogo? Mwaka 2017 kwenye jarida la American Journal of Public Health ulitoka utafiti uliokadiria kwamba mtoto wa Marekani, yeyote yule, ana uwezekano wa asilimia 37.4 wa kuwa amefanyiwa uchunguzi na idara ya ulinzi wa watoto kabla hajafika miaka 18. Najua ukiisoma hiyo utapumua, na najua grupu lako litashangilia, lakini subiri kwanza. Hiyo 37.4 ni ya utoto mzima hadi miaka 18, ile 36 ni ya watoto wa umri mchanganyiko ambao wengine bado walikuwa na miaka mingi mbele. Moja ni ya nchi, nyingine ya wilaya 6. Moja inahesabu mtoto aliyechunguzwa, nyingine inahesabu familia iliyoripotiwa. Kwa hiyo hizi mbili hazifutani. Unachoweza kusema kwa haki ni kwamba ile 36 peke yake haikuonyeshi kama watoto wanaosomea nyumbani wako kwenye hatari zaidi wala kama wako salama zaidi, haikukusudiwa kupima hilo. Ile ofisi ilichokuwa inalalamikia ni kwamba mtoto akishaandikiwa barua ya kutoka shule hakuna utaratibu wa mtu yeyote kumfuatilia, na hilo ni lalamiko la haki kabisa la kujadili, ni vile tu halina namba ya kutisha ya kuweka kwenye skrinshoti.

Na hapa kuna tatizo kubwa zaidi ambalo likikuingia utasoma hizi habari kwa jicho lingine: Marekani hawajui kwa uhakika wana watoto wangapi wanaosomea nyumbani. Majimbo kama 11 hayamlazimishi hata mzazi kutoa taarifa. Kituo chao cha takwimu za elimu kilikadiria 2019 watoto kama milioni 1.5, asilimia 2.8. Halafu ikaja korona, ofisi ya sensa ikauliza kwenye dodoso lake, ikapata asilimia 5.4 ya kaya zenye wanafunzi mwanzoni mwa Mei 2020, na asilimia 11.1 Oktoba mwaka huohuo, habari zikaandikwa homskuli imepanda maradufu ndani ya miezi michache. Imepanda, hilo halina ubishi. Ila ofisi ya sensa yenyewe ilieleza kwamba katikati hapo ilirekebisha swali ili watu wasichanganye kusoma nyumbani kweli na kusoma na shule yao kwa mtandao, maana mwaka ule nani hakuwa nyumbani? Kwa hiyo una namba tatu, kila moja imeuliza kitu chake, na mwandishi mwenye haraka anazipanga kwenye mstari mmoja kama ngazi. Gazeti la Washington Post lilipotaka kuandika habari ndefu ya homskuli 2023 lilibidi likusanye lenyewe takwimu kutoka majimbo na wilaya, maana hakuna sehemu moja zilipo.

Sasa kama hujui jumla ya watoto, utapataje kiwango? Huwezi. Mtu akikwambia watoto wa homskuli wanateswa zaidi, au wanateswa kidogo, muulize amegawanya kwa ngapi. Pande zote mbili zinakwama hapohapo, na zote zinaendelea kuongea tu kama vile hazijakwama.

Uingereza nako kuna mfano wa namna hii. Serikali ilikadiria England watoto 92,000 wanasomeshwa nyumbani mwishoni mwa 2023, mwaka mmoja baadaye ikawa 111,700. Vichwa vya habari vikaandika mlipuko. Lakini 2024 ndo ukusanyaji wa hizo takwimu kutoka halmashauri ulifanywa wa lazima, kabla ya hapo ulikuwa wa hiari, kwa hiyo sehemu ya hilo ongezeko inaweza kuwa ni kuhesabu vizuri tu. Kiasi gani? Hatujui. Ile habari inayokutajia namba hizo mbili bila kugusa hilo, mi naiweka pembeni.

Tuje kwenye zile habari za mtoto mmoja au familia moja, maana hizo zitakufikia zaidi kuliko takwimu. Januari 2018 polisi wa Perris, California waliingia nyumba moja wakakuta ndugu 13 wamedhoofika kwa njaa, wengine wamefungwa minyororo, na baba yao alikuwa ameisajili hiyo nyumba kama shule binafsi. Dunia nzima ikaandika. Ukisoma habari ya namna hiyo jiulize: homskuli imetajwa hapa kama sababu, kama kificho, au imetokea tu kuwepo? Hayo ni mambo matatu tofauti na mwandishi mzembe anayachanganya kwenye sentensi moja. Kwa kesi ya Perris, kusema sheria iliruhusu mtu ajaze fomu nyumba yake iwe shule bila mtu kuja kuiangalia, na hiyo ikasaidia kuficha, ni hoja ambayo ina miguu. Kusema ndo matokeo ya kusomesha nyumbani ni uzushi. Na upande wetu, naita wetu kwa sababu nawe umo, kusema homskuli haihusiki hata kidogo pia ni kujifunika shuka.

Woking, Uingereza, msichana wa miaka 10 aliuawa na watu wa nyumbani kwake Agosti 2023, alikuwa ametolewa shule Aprili. Kuna habari zilizoandika hilo tu basi. Ila Machi, kabla hajatolewa, shule iliona michubuko ikatoa taarifa, ustawi wa jamii wakafunga jalada baada ya siku chache, na familia yenyewe ilikuwa inajulikana kwao tangu mtoto akiwa mchanga. Anayekwambia nusu ya kwanza tu anataka uogope homskuli, na wa nusu ya pili tu anataka homskuli isiguswe kabisa. Ukikuta habari ina zote mbili, hata kama hupendi ilivyohitimisha, huyo mwandishi mpe muda wako.

Haya, marufuku. Shemeji kapatia nusu kwa nusu. Ufaransa: tarehe 2 Oktoba 2020 rais wao Macron alihutubia kwenye mji wa Les Mureaux akasema kusomea nyumbani kutabanwa vikali, isipokuwa hasa kwa sababu za afya. Siku hiyohiyo mtandaoni ikawa "Ufaransa yapiga marufuku". Bunge likajadili miezi, sheria ikatoka 24 Agosti 2021 ikiwa imebadilika: zamani mzazi alikuwa anatoa taarifa tu, kuanzia Septemba 2022 anaomba kibali, na zimewekwa sababu nne, afya au ulemavu wa mtoto, michezo au sanaa ya kiwango cha juu, familia inayohamahama au kuwa mbali na shule, na hali ya pekee ya mtoto yenye mpango wa elimu unaoeleweka. Kwa hiyo marufuku si kweli, na hakuna kilichobadilika pia si kweli, kuomba ruhusa na kutoa taarifa havilingani hata kidogo, muulize mzazi yeyote aliyenyimwa. Habari nyingi za "nchi fulani yapiga marufuku" ukizichimba utakuta ni hotuba, au muswada, au kamati imependekeza. Tafuta sheria yenyewe ilisemaje ilipotoka.

Ujerumani ni kweli, kwenda shule ni lazima na wanaoruhusiwa kubaki nyumbani ni wachache mno. Ila neno "wameshapiga" linakufanya udhani ni juzi, na wenzako kwenye homskuli nao wana toleo lao, eti ni sheria ya Hitler. Kweli 1938 ilipitishwa sheria ya shule ya lazima ya nchi nzima, lakini ulazima wa shule ulikuwa tayari kwenye katiba ya Ujerumani ya 1919, ile inayoitwa ya Weimar, kabla Hitler hajawa mtu wa kujulikana. Na Januari 2019 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu iliamua kesi ya familia ya Wunderlich, ambao polisi waliwachukulia watoto 2013, ikasema Ujerumani haikuvunja haki yao ya maisha ya familia. Unaweza kuchukia huo uamuzi, mi sikulazimishi, lakini ukimtaja Hitler bila Weimar umefanya kilekile alichofanya shemeji.

Kuna habari moja ya California naipenda sana kwa kufundishia. Tarehe 28 Februari 2008 mahakama ya rufaa ilitoa uamuzi uliosomeka kwamba mzazi asiye na leseni ya ualimu hawezi kumsomesha mwanae nyumbani. Taharuki nchi nzima, maelfu kwa maelfu ya wazazi wakajiona wahalifu, hadi gavana Schwarzenegger akaingilia kuutetea upande wa wazazi. Mahakama ileile ikakubali kuisikiliza upya, na tarehe 8 Agosti mwaka huohuo ikasema hapana, inaruhusiwa kama aina ya shule binafsi. Habari ya kwanza bado inazunguka hadi leo kwenye mitandao bila tarehe. Ndo maana kitu cha kwanza kabisa mi naangalia tarehe, cha pili natafuta iliendaje, unaandika jina la kesi au la jimbo na neno rufaa, dakika mbili.

Sasa upendeleo. Umeniuliza kama midia inawachukia. Wapo wasiowapenda, ndiyo. Mwaka 2020 jarida la Harvard Magazine liliandika kuhusu profesa wa sheria Elizabeth Bartholet, aliyependekeza kusomesha nyumbani kuwe marufuku hadi mzazi aonyeshe sababu ya kuruhusiwa, na wakaweka mchoro wa mtoto aliyefungiwa ndani ya nyumba ya vitabu akichungulia kwenye nondo huku wenzake wanacheza nje. Kitabu kimoja kwenye ule mchoro neno la hisabati lilikuwa limekosewa spelingi, wazazi wa homskuli walicheka hadi jarida likasahihisha. Picha kama ile inakwambia uhisi nini kabla hujasoma mstari mmoja, huo ni upendeleo wa wazi kabisa. Lakini wazazi nao wakaanza kusambaza "Harvard yataka marufuku", wakati ni profesa mmoja kwenye makala ya kisheria inayojenga hoja, Harvard kama chuo haikusema kitu. Na makala ya hoja si kipimo, huwezi kuijibu kwa kusema data yako mbovu, unaijibu kwa hoja.

Namna ya kumjua anayeongea, usikae kwenye tovuti yake ukisoma ukurasa wa "sisi ni nani". Mwaka 2017 watafiti wa Stanford, Sam Wineburg na Sarah McGrew, waliwaangalia watu 45 wakipima tovuti, maprofesa wa historia 10, wahakiki wa habari 10 na wanafunzi 25 wa chuo chao. Maprofesa na wanafunzi walikaa kwenye tovuti wakiangalia mpangilio, nembo, marejeo, na wengi wakadanganyika. Wahakiki walitoka humo haraka sana, wakafungua tabo nyingine kutafuta wengine wanasema nini kuhusu hiyo taasisi. Basi fanya hivyo. Ukikutana na HSLDA utakuta ni chama cha utetezi wa kisheria kilichoanzishwa 1983 kutetea wazazi wa homskuli. Ukikutana na CRHE utakuta kilianzishwa 2013 na watu waliosomea nyumbani wenyewe na sasa wanataka usimamizi zaidi. NHERI ni taasisi ya utafiti ya Brian Ray tangu 1990, na inaipigia debe homskuli. Hiyo haimaanishi wanadanganya. Mi nikitaka kujua sheria ya jimbo fulani inasemaje naanza na HSLDA, wanazijua, na nikitaka kesi za mateso naenda kwa CRHE, wanazikusanya. Ninachokataa ni kumuuliza mmoja wao peke yake swali la "je homskuli ni salama".

Na ule utafiti wa grupu lako kwamba watoto wetu wanafaulu kuliko wa shule. Nadhani wanazungumzia ule wa mtafiti Lawrence Rudner wa 1999, au mwingine wa aina hiyohiyo. Wanafunzi 20,760, sampuli kubwa inayotia moyo. Ila ulidhaminiwa na HSLDA, mitihani ilitolewa na idara ya mitihani ya Bob Jones University kwa familia zilizojitolea kushiriki, na familia zenyewe zilikuwa na wazazi wenye elimu na kipato cha juu kuliko wastani wa nchi. Rudner mwenyewe aliandika kwamba utafiti wake hauonyeshi kuwa kusomea nyumbani ni bora kuliko shule. Watu wakaruka hiyo sentensi miaka yote hii. Angalia basi: watoto 380 wa Connecticut wamechaguliwa kwa namna inayowaonyesha vibaya, hawa 20,760 wamejichagua kwa namna inayowaonyesha vizuri, na kote hakuna wa kulinganisha naye. Ukiikataa moja kwa sababu hiyo huna budi kuikataa na nyingine.

Zile tovuti zinazopima magazeti kama ni ya kulia au kushoto sizitumii sana kwa hili, zinakupa alama ya gazeti zima wakati wewe una habari moja mkononi. Gazeti unalolichukia linaweza kuwa limesoma ripoti yote, na blogu ya mzazi mwenzio ikawa imenakili kichwa cha habari tu.

Shemeji usigombane naye. Mwandikie hivi: "Shem, hiyo 36 ni ya wilaya 6 za Connecticut, ripoti ya 2018, watoto 380 waliotolewa shule, na ni familia zilizoripotiwa sio zilizokutwa na makosa. Ufaransa wanaomba kibali, Ujerumani ni kweli lakini ni ya zamani sana. Ila hiyo ripoti ya Connecticut imesema kitu cha maana, mtoto akitolewa shule hakuna anayemfuatilia, hapo mi nakubaliana nayo."

Kwenye grupu watumie huohuo ujumbe, na usiifute sentensi ya mwisho.